Ukiuliza kazini unajibiwa "tunalifanyia kazi": tunapataje jibu linaloshikika?

Mratibu (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni uratibu. Sitengenezi bidhaa wala siandiki programu. Ninachofanya ni kujua kazi ya kila mmoja imefika wapi, kisha kumwambia anayefuata aanze lini. Kwa hiyo kila ninachokifanya kinategemea majibu ya wenzangu, na majibu yenyewe mnayajua: "Bado kidogo." "Niko nayo." "Tunalifanyia kazi." "Nitakucheki." "Iko kwenye mchakato." "Usijali." Hakuna hata moja hapo ambalo ni uongo, na ndiyo maana yanachosha. Aliyekudanganya unaweza kumrudia ukamwonyesha ukweli. Aliyekuambia "bado kidogo" huna pa kumshika.

Nafungua uzi huu kwa sababu naona wengi tunalichukulia suala hili kama la tabia: fulani mkwepaji, fulani hana nidhamu, fulani anapenda kumung'unya maneno. Kwa muda sasa naamini mara nyingi sivyo. Nyuma ya jibu la ukungu kuna kitu, na kitu hicho hakifanani kwa kila mtu. Kuna asiyejua. Kuna anayejua ila anaogopa kusema. Kuna ambaye jambo haliko mikononi mwake, anamsubiri mtu mwingine na anaona vibaya kukwambia hivyo. Na kuna ambaye moyoni ameshaamua kwamba hafanyi, ila hawezi kukukatalia usoni. Wote wanne watakujibu "tunalifanyia kazi". Ukiwabana kwa mtindo mmoja, mmoja atafunguka na watatu watazidi kujifunga.

Kwa asiyejua, kumdai tarehe ni kumlazimisha abuni. Huyo namuuliza: "Ni nini ukishakijua ndipo utaweza kunipa tarehe? Na hicho utakijua lini?" Tarehe ya kujua ni rahisi kuitoa kuliko tarehe ya kumaliza, na kwangu mimi inatosha kabisa kupanga kazi ya wiki. Kwa anayemsubiri mwingine, swali ni moja tu: "Nani akisema ndiyo, kazi hii inaendelea?" Akitaja jina, nahamia kwa mwenye jina. Kwa aliyeamua kutofanya, namfungulia mlango: "Nikiihamishia kazi hii kwa mwingine, itakusaidia?" Mara nyingi anashusha pumzi na kusema itamsaidia sana, na hapo ndipo unagundua umekuwa ukisubiri kitu ambacho hakikuwa kinakuja.

Anayeogopa ndiye ninayetaka tumjadili zaidi, maana hao ndio wengi. Mwaka 1970 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Sidney Rosen na Abraham Tesser, walionyesha kwa majaribio kwamba mtu aliyebeba habari mbaya huwa mzito kuifikisha kwa mhusika kuliko aliyebeba habari njema, hata pale ambapo yeye hakuisababisha na haimgusi. Sasa mfikirie yule ambaye habari mbaya ni yake mwenyewe, na anayemuuliza ni mtu atakayeipeleka kwa bosi kabla ya saa sita.

Kwa huyo nimebadilisha mwanzo wa swali. Sisemi tena "imeisha?" Nasema: "Najua hii kazi ina sehemu ngumu, ni ipi imekukwamisha?" Swali la "imeisha?" lina jibu moja tu la heshima. Hili jingine limeshakubali kwamba mkwamo upo, kwa hiyo anayejibu haungami kosa, anaeleza kazi. Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu wanaisahau: unalipokeaje jibu lenyewe? Ukilipokea jibu la kwanza la kweli kwa kelele, usitegemee la pili.

Nataka kusikia kwenu. Mnaulizaje? Nini kimefanya kazi, nini kimeharibu uhusiano?

---

Dawati la Tatu

Mada nzuri, mkuu. Ila naona lawama umewapa zaidi wanaojibu, na wanaouliza umewagusa juu juu. Mimi nasema swali ndilo linalozaa jibu la ukungu.

Nitatoa mfano mzito, maana huwa naufikiria kila ninapotaka kumuuliza mtu "uko sawa?" Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, Boeing 707 iliyotoka Kolombia, ilikuwa inakaribia New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi, ikawekwa kuzunguka angani kwa zaidi ya saa nzima. Mafuta yakawa yanakwisha. Marubani walisema wanahitaji kipaumbele, wakasema pia kwamba mafuta yanawaishia, lakini neno la kutangaza dharura hawakulitamka. Wakajaribu kutua, ikashindikana. Mwongoza ndege akawaeleza kwamba atawapeleka maili 15 kaskazini mashariki kisha awarudishe kwenye njia ya kutua, akawauliza kama hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Rubani msaidizi akajibu kwamba anadhani ni sawa, akashukuru. Dakika chache baadaye injini zikazima kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka Long Island. Watu 73 kati ya 158 waliokuwemo walifariki.

Wengi wakisoma habari hiyo wanamlaumu rubani, na kweli alipaswa kusema wazi. Lakini litazame swali. "Hilo ni sawa kwenu?" Jibu tayari limo ndani yake. Limeulizwa na mtu mwenye mamlaka, mwenye haraka, ambaye mpango ameshaupanga. Mtu mwenye adabu anayeulizwa hivyo atajibu "sawa". Swali lililohitajika pale ni: mna mafuta ya dakika ngapi? Na hivyo ndivyo waongoza ndege wanavyouliza leo wakiona kuna dharura: mafuta yaliyobaki kwa muda, na idadi ya watu waliomo. Wanataka namba. Namba haina adabu wala aibu, mtu anaisema kama ilivyo.

Basi tazama tunavyoulizana kazini. "Uko vizuri na ile ripoti?" "Tutamaliza wiki hii, sivyo?" "Hakuna tatizo, eti?" Haya yote ni maombi ya kufarijiwa yaliyovaa alama ya kuuliza. Ukiomba faraja unapewa faraja. Uliza: sehemu gani ya ripoti haijaandikwa? Nani bado hajaleta takwimu zake? Faili la mwisho umelihifadhi wapi, nilifungue?

Hilo la mwisho ndilo nalipenda kuliko yote. Badala ya kuuliza kazi imefikia wapi, omba kuiona ilipofikia. Kitu kinachoonekana hakihitaji maelezo.

---

Mtunza Stoo

Namuunga mkono Dawati la Tatu kwa hilo la kuona. Stoo nikimuuliza mtu "mzigo umehesabiwa?" nitaambiwa ndiyo. Nikisema "nisomee hesabu ya rafu ya mwisho" ndipo najua.

---

Mjibu Polepole

Habari wakuu. Naomba niseme kwa niaba ya upande wa pili, maana mimi ni mmoja wa wanaojibu "bado kidogo", na sijawahi kukutana na mada kama hii iliyouliza kwa nini.

Nilifanya kazi mahali ambapo kila jibu ulilotoa linageuka ahadi. Ukisema "nadhani Jumatano", kwenye kikao inasomwa "alisema Jumatano". Ikifika Jumatano na kazi haijaisha kwa sababu umeongezewa kazi nyingine tatu, hakuna anayekumbuka zile tatu, linakumbukwa neno Jumatano. Ukipitia hilo mara kadhaa unajifunza kuongea kwa namna isiyonukulika. Haukuwa uvivu, na kazi nilikuwa nafanya usiku na mchana. Nilikuwa najilinda.

Tena kuna jambo ambalo waulizaji hawalioni. Swali linakuja bila kuniambia linatumika kwa nini. Mratibu akiniuliza "lini?" sijui kama anataka kupanga ratiba yake ya ndani, ambapo kosa la siku mbili halidhuru, au anataka kumwandikia mteja sasa hivi. Majibu ya maswali hayo mawili si sawa. Nisipojua lipi linaulizwa, nalinda lile la hatari zaidi, na nakupa ukungu.

Mahali nilipo sasa kuna dada mmoja wa mipango ambaye sijawahi kumjibu vibaya. Anaanza hivi: "Ninapanga zamu za wiki ijayo, sitoi ahadi kwa yeyote, nataka tu kujua kama nikuweke Jumatatu au Alhamisi." Mtu akiniambia hivyo nampa ukweli wote, hata ule ambao hakuuomba.

---

Mratibu (mleta mada)

Mjibu Polepole, nakushukuru sana kwa kuandika hili. Hapo umeongeza kitu ambacho kwenye mada yangu hakikuwepo: kumwambia mtu jibu lake linakwenda wapi. Naona hilo ndilo kubwa kuliko namna ya kuliunda swali. Mtu akijua jibu lake litatumika kwa nini, anajua pia lina uzito gani, na anaacha kubahatisha.

Nikuulize: je, ikitokea mratibu ameahidi kwamba ni ya ndani tu, kisha ikavuja kwenye kikao, uaminifu unarudi?

---

Mjibu Polepole

Unarudi kwa shida sana. Kwangu umerudi mara moja tu, na ni kwa sababu mhusika alisimama palepale kwenye kikao akasema: "Hiyo tarehe nilimwomba kwa makadirio, si ahadi yake." Alisema mbele ya wote. Angenifuata baadaye kwa meseji isingesaidia.

---

Fundi Mifumo

Nachangia kwenye "lini", maana sisi wa mifumo ndilo swali letu la kila siku.

Tatizo si kwamba watu wanaficha tarehe. Tarehe yenyewe mtu anaikosea hata akiwa mkweli kabisa. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Kanada, Buehler, Griffin na Ross, walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Wakawauliza tena: na kila kitu kikienda vibaya kabisa, je? Wakasema 49 hivi. Muda halisi uliowachukua ukawa karibu siku 56. Angalia hapo: hata kadirio la hali mbaya kabisa halikutosha, na hawa hawakuwa na bosi wa kumdanganya, ilikuwa kazi yao wenyewe.

Kwa hiyo mimi fundi akinijibu "wiki ijayo" bila kusita ndipo naingiwa na wasiwasi. Anayesita pengine ndiye anayeifikiria kazi kwa kina. Siulizi tena "lini?" peke yake. Nauliza nini kimebaki, kipande kwa kipande, na kila kipande namuuliza kama ameshawahi kufanya kinachofanana nacho. Akisema "kama kile cha mwezi uliopita", nauliza kile kilichukua muda gani. Watu wanakumbuka yaliyopita vizuri kuliko wanavyokadiria yajayo. Tarehe inajitokeza yenyewe bila mtu kubanwa, na kile kipande ambacho hajawahi kukifanya ndipo tunakaa wote wawili tuone.

---

Karani Mkongwe

Vijana mmeongea vizuri. Mimi nipo kwenye mambo ya nyaraka kwa miaka mingi, na kinachonisumbua ni yale maneno ambayo kila mtu anadhani anayaelewa: "huenda", "pengine", "kuna uwezekano mkubwa", "hivi karibuni". Mnaachana kwenye kikao mmekubaliana, kumbe kila mmoja ameondoka na maana yake.

Kuna kisa cha Sherman Kent, aliyekuwa mkuu wa tathmini katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1951 ofisi yake ilitoa waraka kuhusu hatari ya Yugoslavia kuvamiwa, ukasema shambulio ndani ya mwaka ule lichukuliwe kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Afisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza maana yake ni nini hasa. Kent akasema yeye anaona ni kama 65 kwa 35, upande wa shambulio kutokea. Afisa yule akashtuka, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wameielewa kuwa ndogo zaidi ya hapo. Kent akarudi kwa wenzake waliouandika waraka pamoja naye, akawauliza mmoja mmoja. Kuna aliyesema 20 kwa 80, kuna aliyesema 80 kwa 20. Sentensi hiyohiyo, na wote walikuwa wameipitisha.

Watu wale walikuwa wasomi na walikaa meza moja wakiijadili kila nukta. Sisi tunaandikiana meseji huku tunatembea.

Ninachofanya: mtu akiniambia "pengine itakuwa tayari", namuuliza kwa upole, "kati ya mara 10 zinazofanana na hii, ngapi huwa tayari?" Wengine wanacheka mwanzoni. Lakini akisema 6, tunapanga mambo tofauti na akisema 9.

---

Kivuli

Mzee Karani, kwa heshima zote, hilo la asilimia kazini kwetu halipiti. Ukimuuliza mtu hivyo ataona unamjaribu.

---

Karani Mkongwe

Ni kweli kuna mahali halipiti, Kivuli. Hapo tumia njia nyingine inayofika palepale: "Naweza kumwandikia mteja sasa hivi kwamba ni Ijumaa, nikataja na jina lako?" Utaona. Ama atasema andika, ama atasema "subiri kwanza", na kinachofuata baada ya "subiri kwanza" ndilo jibu ulilokuwa unalitafuta. Ila usimuulize hivyo kama huna nia ya kuandika kweli. Isiwe mtego.

---

nesi_wa_usiku

Naomba niwaongezee desturi ya kwetu hospitalini, nadhani inafaa ofisi yoyote. Daktari akitoa agizo kwa mdomo au kwa simu, unaliandika, unamsomea ulivyoandika, naye anathibitisha au anasahihisha. Hakuna anayekasirika, na hakuna anayesema unamdharau, kwa sababu ni utaratibu wa wote.

Pia ukimpigia daktari usiku kuhusu mgonjwa kuna mpangilio wa kuongea: hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, tathmini yako, kisha unachopendekeza au unachoomba. Mpangilio huu ulitoka kwenye manowari za jeshi la Marekani ndipo ukaletwa hospitalini. Uzuri wake ni ile sehemu ya mwisho. Zamani nesi alieleza hali ya mgonjwa akanyamaza, akitegemea daktari aelewe kwamba anaombwa aje. Daktari naye akajibu "endelea kumwangalia". Wote wawili wameongea, na hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Sasa unasema: "Naomba uje umwone ndani ya nusu saa." Hapo hawezi kukupa jibu la ukungu hata akitaka. Ni anakuja au haji.

Hata nje ya kazi ya unesi natumia ile ya kurudia. Mtu akinijibu kwa ukungu nasema: "Ngoja nirudie nilivyoelewa: utanipa orodha kesho kabla ya zamu, na kama haijakamilika utanipa ilipofikia." Yeye hakusema hivyo. Lakini nikishaliweka mezani anaona kama limekaa sawa au la, na anarekebisha: "Hapana, kesho sitaweza, keshokutwa asubuhi." Watu ni wazito kutunga jibu, ila kusahihisha ni wepesi mno.

---

Dawati la Tatu

Dada nesi, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeiandika ukutani kwangu. Imenisaidia leo hiihii: mwenzangu ambaye hajawahi kunitajia namba, nimemtajia namba isiyo sahihi, kanisahihisha ndani ya dakika.

---

Kivuli

Nakubali mengi ila mnapita haraka kwenye hatari moja. Mkianza kurudia kila neno na kutuma barua pepe za "kama tulivyokubaliana", watu watawaona wapelelezi. Nimeona kitengo kizima kikiacha kuongea na mtu mmoja kwa sababu hiyo. Kila akiongea na wewe, baada ya dakika tano inakuja barua pepe yenye maneno yako, na bosi amewekwa kwenye nakala.

---

Mratibu (mleta mada)

Kivuli una haki, na nafikiri kilichowakera ni ile nakala ya bosi. Kuandika si kubaya. Swali ni unaandika kwa ajili ya nani. Ukimwandikia mwenzako peke yake, fupi, kwa ajili ya kumbukumbu ya nyinyi wawili, anaona umemrahisishia kazi. Ukimweka bosi kwenye nakala bila kumwambia, umemshtaki.

Utaratibu wangu: naandika mistari miwili au mitatu, nani anafanya nini na lini, kisha namalizia na "kama nimekosea mahali nirekebishe". Na wajibu wangu mimi nauandika wa kwanza. Hilo usilipuuze. Barua yenye wajibu wa upande mmoja inasomeka kama hati ya mashtaka hata ukiweka salamu nzuri kiasi gani. Ikilazimu bosi aone, namwambia mwenzangu kabla sijatuma, ili naye aongeze lake.

---

mgeni kazini

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi na tatizo langu linatoka juu. Bosi wangu anatoa maagizo mafupi sana. "Shughulikia lile suala la mteja." "Weka ile ripoti vizuri." Nikiuliza lipi au vizuri vipi, anasema "wewe utaona tu". Nikimuuliza mara ya pili naogopa ataona sielewi kazi. Nifanyeje?

---

Karani Mkongwe

Marahaba mwanangu. Kwanza usidhani anakuficha kitu. Mara nyingi bosi anaona jambo kutoka alipo, na anadhani na wewe unaliona hivyohivyo.

Kuna kisa maarufu cha vita vya Krimea, Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854. Lord Raglan, kamanda wa Waingereza, alikuwa mlimani, anaona Warusi wanaelekea kuondoa mizinga waliyoiteka. Akatuma agizo la maandishi kwa Lord Lucan, kiongozi wa askari wa farasi waliokuwa bondeni, kwamba wasonge mbele haraka wakamzuie adui kuondoa mizinga. Mizinga ipi, hakusema, kwa sababu yeye alikuwa anaitazama. Lucan akiwa bondeni hakuiona. Akamuuliza aliyeleta agizo, Kapteni Nolan, naye akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa bonde, palipokuwa na mizinga mingine kabisa, ile ya Warusi iliyokuwa imejipanga tayari kupiga. Wapanda farasi kama 670 wakaenda huko, na zaidi ya 100 hawakurudi.

Lucan aliuliza, lakini alimuuliza mleta barua, na alipopewa jibu la kunyoosha mkono akaishia hapo. Ukikwama na agizo, rudi kwa aliyelitoa, na mweleze unachokiona wewe kutoka ulipo. Usimwambie "sijaelewa". Mwambie: "Mezani kwangu kuna masuala mawili ya mteja huyu, la malipo na la kuchelewa kwa mzigo. Naanza na la malipo kwa sababu ndilo linalokaribia tarehe. Ni sawa hivyo?" Hapo huonekani hujui kazi. Unaonekana umeshaifikiria, na yeye anaambiwa kitu ambacho pengine hakuwa nacho kichwani, kwamba masuala yapo mawili.

---

Dawati la Tatu

Na kwa "weka ripoti vizuri", mgeni, mwombe mfano. "Kuna ripoti ya zamani uliyoipenda niifuate?" Mtu asiyeweza kueleza anachotaka mara nyingi anaweza kukionyesha. Kama hakuna, andaa ukurasa mmoja tu, mpelekee mapema ukiwa haujakamilika. Atakwambia mengi akiuona kuliko ambavyo angekwambia kabla.

---

mgeni kazini

Nashukuru sana. Hilo la ukurasa mmoja nitalijaribu.

---

Mtunza Stoo

Swali jingine. Kundi la meseji la kazini. Unauliza, watu 20 wanasoma, hakuna anayejibu, au mmoja anaweka dole gumba. Dole gumba maana yake nini?

---

Fundi Mifumo

Dole gumba usilihesabu. Inaweza kuwa nimeona, nimekubali, au nimefanya. Swali la watu 20 halina mwenyewe, kila mmoja anadhani linamhusu mwenzake. Taja jina, taja kitu kimoja, taja saa. Ukiwa na maswali matatu kwa watu watatu, tuma meseji tatu. Ukiyaweka kwenye meseji moja, litajibiwa lile jepesi tu.

---

Kivuli

La mwisho kwa mleta mada. Kuna mtu nimemuuliza kwa njia zote hizi. Nimemwambia jibu linakwenda wapi, nimemtajia namba asahihishe, nimemfuata mezani. Bado "nitakucheki". Kazi imesimama kwa sababu yake. Hapo?

---

Mratibu (mleta mada)

Hapo acha kuuliza, mjulishe. Mwandikie: "Nisiposikia kutoka kwako hadi Alhamisi saa sita mchana, nitaendelea na chaguo la pili, kwa sababu wa kiwanda wanaanza Ijumaa." Ukimya wake unageuka jibu, naye anajua hivyo kabla saa haijafika. Mpe muda wa kutosha kweli, na chaguo utakaloendelea nalo liwe lile lisilomuumiza.

Lakini njia hii ina mipaka miwili na naomba msiivuke. Itumie kwenye jambo ambalo uamuzi wake unaweza kuwa wako. Kama ni saini yake inayotakiwa, ukimya wake hauwi saini. Na itumie kwenye jambo linaloweza kurudishwa nyuma likiharibika. Kama haliwezi kurudi, hata akikaa kimya mwezi mzima, nenda naye kwa aliye juu yenu wawili. Mwambie kabla kwamba unakwenda, na mkifika mwache yeye aanze kueleza.

Na kabla ya hapo, Kivuli, muulize mara moja kwa faragha kama kuna jambo. Kuna mwenzetu mmoja alikuwa anajibu "nitakucheki" kwa kila mtu, kumbe alikuwa amebebeshwa kazi za watu wawili walioondoka na hakuna aliyemwambia bosi. Hakuwa anatukwepa sisi. Alikuwa hana tena jibu la kumpa yeyote. Tulipogawana zile kazi, tarehe zikaanza kutoka zenyewe.